"Bado ni Mrembo": Dhanio-awali na Sitiari ya Nguo katika Usemi Kuhusu Umri wa Waigizaji wa Kike kwenye Zulia Jekundu

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna Kiswahili kinavyotumika kuzungumzia mavazi na umri wa waigizaji wa kike wa Hollywood wanapopita kwenye zulia jekundu. Inajengwa hoja kwamba hukumu ya umri hubebwa zaidi na vipashio vidogo vya kisarufi, kama vile bado, tena, licha ya, bila na kiambishi -ja-, kuliko vivumishi vya kusifu au kukejeli. Inaonyeshwa pia kwamba vitenzi vinavyotumika kueleza uzee wa mwigizaji wa kike vimetolewa katika uwanja wa nguo, na kwamba majina ya wazee katika Kiswahili hayawatendei sawa mwanamke na mwanamume. Kwa kutumia dhana ya dhanio-awali na Nadharia ya Sitiari Dhanifu, makala inahitimisha kuwa sifa na kejeli, katika uwanja huu, husimama juu ya msingi mmoja, na inapendekeza jaribio rahisi ambalo mwandishi na mfasiri wa habari za sanaa wanaweza kulitumia.

Istilahi muhimu: dhanio-awali, sitiari dhanifu, umri, jinsia, zulia jekundu

1.0 Utangulizi

Tarehe 12 Machi 2023, Michelle Yeoh, mwigizaji mzaliwa wa Malaysia, alipokea tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike kwa kazi yake katika filamu ya Everything Everywhere All at Once. Alikuwa na umri wa miaka 60. Katika hotuba yake aliwaasa wanawake wasikubali kuambiwa na yeyote kwamba wakati wao bora umekwisha kupita. Habari hiyo inaweza kuandikwa kwa Kiswahili kwa namna nyingi. Zilinganishwe sentensi mbili zifuatazo:

(1) Michelle Yeoh, mwenye umri wa miaka 60, ameshinda tuzo ya Oscar.
(2) Licha ya umri wake wa miaka 60, Michelle Yeoh ameshinda tuzo ya Oscar.

Taarifa zinazotolewa ni zilezile: jina, umri na ushindi. Hata hivyo, sentensi ya (2) inamtaka msomaji akubali jambo moja la ziada, kwamba umri wa miaka 60 ni kizuizi ambacho kwa kawaida kingemnyima mwanamke ushindi. Jambo hilo halisemwi waziwazi, na kwa sababu halisemwi halipingwi. Matokeo yake ni kwamba sentensi ya pongezi inakana kimyakimya hotuba ileile inayoripotiwa.

Mfano huu ndio chanzo cha suala linaloshughulikiwa hapa. Uchunguzi wa umma dhidi ya waigizaji wa kike wanaozeeka umejadiliwa sana katika taaluma za filamu na jinsia. Susan Sontag (1972) alieleza kuwa jamii hutumia vipimo viwili vya uzee, ambapo mwanamume hupewa viwango viwili vya urembo, cha kijana na cha mtu mzima, ilhali mwanamke hupewa kimoja tu, cha msichana. Laura Mulvey (1975) alionyesha jinsi filamu za Hollywood zinavyomweka mwanamke katika nafasi ya kutazamwa na mwanamume katika nafasi ya kutazama. Makala hii inauleta mjadala huo katika isimu ya Kiswahili na kuuliza: Kiswahili kinapoipokea habari ya zulia jekundu, sarufi na msamiati wake hufanya kazi gani?

Mifano ya sentensi iliyotumika imeundwa kwa kufuata ruwaza zilizozoeleka katika habari za burudani na mazungumzo ya kila siku. Si nukuu kutoka katika chombo chochote cha habari. Lengo ni kufafanua namna ruwaza hizo zinavyojenga maana.

2.0 Zulia jekundu kama jukwaa la kutazamwa

Tuzo za Oscar zilitolewa kwa mara ya kwanza tarehe 16 Mei 1929 katika hoteli ya Hollywood Roosevelt, na zilianza kurushwa na televisheni mwaka 1953. Zulia jekundu, ambalo leo linahesabiwa kuwa sehemu isiyotengana na sherehe hizo, liliingia baadaye, mwaka 1961. Kwa muda mrefu lilikuwa njia ya kupita tu. Katika miaka ya 1990, hasa kupitia vipindi vya mchekeshaji Joan Rivers katika kituo cha E!, njia hiyo iligeuka kuwa onyesho linalojitegemea: wasanii husimamishwa, huulizwa kuhusu nguo zao, na baadaye hupangwa katika orodha za waliopendeza na waliochusha. Zulia limekuwa taasisi kiasi kwamba mwaka 2023, lilipobadilishwa rangi na kuwa la rangi ya shampeni, liliendelea kuitwa jekundu.

Kwa wasomaji wa Kiswahili, jukwaa hili lilipata mvuto wa pekee mwezi Machi 2014, pale Lupita Nyong'o, Mkenya, alipopita akiwa amevaa gauni la buluu hafifu la Prada na kisha kutwaa tuzo ya mwigizaji bora msaidizi wa kike. Gauni lilizungumziwa sambamba na tuzo. Pamoja na gauni, msamiati wa jukwaa lenyewe ulizidi kukita mizizi: zulia jekundu, mbunifu wa mavazi, kutinga, kung'ara, kuteka macho. Msamiati huo unapotumiwa kwa msichana huonekana kuwa wa furaha tupu. Sura yake nyingine hudhihirika pale anayepita ni mwanamke wa miaka 50 au 60.

Mwaka 2014 huohuo ulitoa mifano miwili ya sura hiyo. Mwezi Januari, katika tuzo za chama cha waigizaji wa Marekani, Cate Blanchett, aliyekuwa na umri wa miaka 44, aliinama mbele ya kamera iliyokuwa ikimpiga picha kutoka miguuni hadi kichwani, akauliza iwapo wanaume nao hufanyiwa hivyo. Mwezi Oktoba, Renée Zellweger, mwenye umri wa miaka 45, alihudhuria hafla moja mjini Beverly Hills, na kwa siku kadhaa mjadala wa kimataifa ukawa iwapo uso ule ulikuwa wake. Mwaka 2016 aliandika insha akikanusha madai ya upasuaji na kuhoji utamaduni unaoufanya uso wa mwanamke kuwa habari.

Uchunguzi huu una athari kwa riziki. Mwaka 2015 Maggie Gyllenhaal alieleza kuwa, akiwa na umri wa miaka 37, aliambiwa amezidi umri wa kuigiza kama mpenzi wa mwanamume wa miaka 55. Mwigizaji huishi kwa mwili na uso wake. Anayepewa mamlaka ya kutamka kwamba uso huo umepitwa na wakati amepewa pia mamlaka juu ya mkate wake. Kwa hiyo, maneno yanayochaguliwa kuuelezea uso huo yana uzito unaostahili kupimwa.

3.0 Dhanio-awali: pale sifa na kejeli zinapokutana

Dhanio-awali ni jambo ambalo msemaji huchukulia kuwa limekwisha kukubaliwa kabla kauli yake haijatolewa. Sifa yake kuu ni kwamba hubaki hata kauli inapokanushwa. Zitazamwe sentensi hizi:

(3) Bado ni mrembo.
(4) Si kweli kwamba bado ni mrembo.
(5) Si mrembo tena.

Sentensi ya (3) ni sifa, ya (4) ni kanusho, na ya (5) ni kejeli. Hata hivyo, zote tatu zinachukulia kwamba mhusika alikuwa mrembo wakati uliopita, na zote zinauweka urembo huo kwenye mstari wa wakati wenye mwisho. Bado husema kwamba mwisho haujafika. Tena, ikitanguliwa na ukanushi, husema kwamba umefika. Tofauti kati ya anayesifu na anayekejeli ni ya tarehe tu. Kuhusu ramani ya safari yenyewe, wanakubaliana.

Kiambishi -ja- huimarisha jambo hili kwa namna ambayo lugha nyingi haziwezi. Kiswahili hutofautisha hazeeki, hakuzeeka na hajazeeka. Umbo la mwisho, kama ilivyo katika hajafika au hajala, hubeba matarajio kwamba tendo litatukia. Anayemwambia mgeni kwamba mwenyeji hajafika anamshauri asubiri. Vivyo hivyo, anayesema kwamba mwigizaji fulani hajazeeka anaialika hadhira ikae ikisubiri. Sifa hiyo ni ya muda, na hadhira imepewa kazi ya ulinzi: kila zulia jekundu linalofuata ni nafasi ya kuhakiki iwapo tukio limekwisha kutokea.

Kundi jingine ni la viunganishi vya kinyume: licha ya, ingawa, japokuwa, pamoja na. Ruwaza ya "licha ya A, B" hudokeza kwamba kwa kawaida A huzuia B. Ndiyo maana mtu husema alifika licha ya mvua, wala hasemi alifika licha ya gari. Umri unapowekwa katika nafasi ya A na kupendeza, kushinda au kualikwa katika nafasi ya B, umri unakuwa mvua. Hali hii hujitokeza hata pale mwandishi anapokuwa na nia njema kabisa.

Ruwaza ya tatu ni ya kauli zinazohusu juhudi: amejitunza, haonyeshi umri wake, ameuficha umri. Kitenzi kujitunza ni cha heshima, na mara nyingi hutumika kwa upendo. Lakini anayesifiwa kwa kujitunza anachukuliwa kuwa na wajibu wa kujitunza, na aliyezeeka waziwazi anabaki akidaiwa: hakujitunza. Uzee, ambao ni hali ya wote, unageuzwa kuwa matokeo ya uzembe wa mmoja. Kadhalika, kauli kwamba fulani haonyeshi umri wake inauchukulia umri kuwa kitu kisichofaa kuonyeshwa, mithili ya deni au maradhi.

4.0 Sitiari ya nguo

Kwa mujibu wa Lakoff na Johnson (1980), sitiari ni njia ya kufikiri kabla ya kuwa pambo la lugha: uwanja mmoja wa tajiriba hueleweka kupitia mwingine. Katika usemi unaojadiliwa hapa, uwanja unaotumika kuuelewa uzee wa mwigizaji wa kike ni nguo. Jedwali la vitenzi na majina lingekuwa refu, lakini mifano michache inatosha.

Kuchuja ni kupoteza rangi, kama kanga iliyofuliwa mara nyingi. Msanii naye husemwa kuwa amechuja. Kupauka ni hali ya kitambaa kilichopigwa na jua. Ngozi na sura nazo hupauka. Kuchakaa ni kuisha kwa nguo kutokana na matumizi; uso nao huitwa uliochakaa. Mikunjo ni alama za nguo isiyopigwa pasi. Ndilo pia jina la mistari ya uso, sambamba na makunyanzi. Na kutunza, kitenzi kilichokwisha kujadiliwa, ndicho kinachotumika kwa nguo ya thamani iliyowekwa sandukuni.

Sitiari hii inapata nguvu ya pekee kwenye zulia jekundu kwa sababu pale nguo halisi na mwanamke anayeivaa hutazamwa kwa pamoja, katika fremu moja ya picha. Gauni ni jipya. Limeshonwa kwa usiku huo mmoja. Aliyelivaa ana miaka 60. Mara tu mwanamke anapoeleweka kama nguo, ulinganisho unajileta wenyewe: kuna nguo mbili mbele ya kamera, moja mpya na moja ya zamani. Hapo ndipo huzaliwa hukumu kwamba vazi fulani "si la umri wake". Hukumu hiyo kwa kawaida haielezi kasoro ya kitambaa wala ya mshono. Inaeleza kutolingana kwa vitu viwili vinavyodhaniwa kuwa vya aina moja.

Mwanamume hukopeshewa sitiari tofauti. Kitenzi kinachomfaa ni kukomaa, ambacho asili yake ni matunda na nafaka: kitu kilichokomaa kimefikia ubora wake. Husemwa pia kwamba mvi zimempendeza, yaani alama ya uzee imekuwa pambo. Mwaka 1989 jarida la People la Marekani lilimteua Sean Connery, aliyekuwa na umri wa miaka 59, kuwa mwanamume mwenye mvuto kuliko wote walio hai. Huo ndio ule urembo wa pili ambao Sontag aliona umetengwa kwa ajili ya wanaume. Katika Kiswahili, tofauti hiyo inafupishwa na vitenzi viwili: tunda hukomaa, nguo huchuja.

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba uwanja huu wa vitu una upande mwingine. Methali isemayo ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa inakisifu kitu cha zamani kwa sababu kimejaribiwa na kushinda. Kwa hiyo, sitiari ya kitu kilichotumika haimlazimishi msemaji kudharau. Methali hiyo hupima kwa uimara. Zulia jekundu hupima kwa rangi.

5.0 Majina ya wazee na nafasi ya mtenda

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba dharau hii yote imeletwa na tafsiri za habari za kigeni. Msamiati wa Kiswahili chenyewe hauruhusu hitimisho hilo. Neno ajuza, linalomtaja mwanamke mzee sana, limetokana na Kiarabu, katika mzizi unaohusu kutoweza. Mzizi huohuo ndio uliokipa Kiswahili neno ajizi, linalofahamika zaidi katika methali ajizi ni nyumba ya njaa. Mwenzake wa kiume, shaibu, ametokana na mzizi wa Kiarabu unaohusu mvi. Kwa asili ya maneno haya mawili, mwanamke mzee ametajwa kwa udhaifu wake na mwanamume mzee kwa rangi ya nywele zake.

Neno mzee halibagui jinsia kisarufi, lakini linapotumika kama jina la heshima mbele ya jina la mtu, kwa kawaida humtangulia mwanamume. Kizee, kwa upande wake, humrejelea zaidi mwanamke. Ni kweli kwamba kiambishi ki- hakidunishi kila mahali, kwani kijana na kiongozi hawadunishwi nacho. Lakini tofauti ya mzee na kizee inadhihirika kwa yeyote anayejaribu kubadilishana maneno hayo katika salamu. Kwa mwanamke wa makamo anayevaa kwa ujasiri kuna pia neno shangingi, ambalo huunganisha umri, mavazi na tuhuma ya tabia. Mwanamume wa rika lake aliyevaa kwa ujasiri huitwa mtanashati.

Pamoja na hayo, lugha ileile imezalisha mbadala. Katika habari za sanaa, mkongwe limekuwa neno la heshima: mwigizaji mkongwe ni aliyebobea, aliyedumu, ambaye wengine hujifunza kwake. Kikongwe lingali likimaanisha mtu aliyedhoofika kwa uzee. Shina ni moja. Kiambishi cha ngeli ndicho kinachoamua iwapo miaka imeongeza au imepunguza. Kadhalika, maneno Bi na Mama humheshimu mwanamke bila kuuliza tarehe yake ya kuzaliwa. Marehemu Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwezi Aprili 2013, alipanda majukwaani hadi uzeeni, na ukongwe wake ulihesabiwa kuwa sehemu ya mamlaka yake katika taarabu na unyago.

Nahau nazo zinatofautiana katika namna zinavyogawa uhusika. Zilinganishwe:

(6) Amekula chumvi nyingi.
(7) Umri umemtupa mkono.

Katika (6) mtu ndiye mtenda: ameishi, ameonja, amepata. Katika (7) umri ndio mtenda, na mtu ni yambwa aliyeachwa njiani. Nahau zote mbili zinaweza kutumika kwa mtu mmoja wa umri uleule. Kuchagua mojawapo ni kuchagua iwapo miaka ni mali ya mtu huyo au ni nguvu iliyomshinda.

6.0 Swali ambalo Kiswahili hulikataa

Swali mashuhuri la zulia jekundu la Kiingereza humfanya mbunifu wa mavazi kuwa yambwa ya moja kwa moja ya kitenzi cha kuvaa. Kiswahili hakilipokei swali hilo kwa sura yake. Kumvaa mtu, kwa kiambishi cha yambwa hai, ni kumkabili au kumvamia, "umemvaa nani?" lingekuwa swali la ugomvi. Mfasiri analazimika kusema "gauni hili limebuniwa na nani?" au "umevaa vazi la mbunifu gani?"

Matokeo yake yanastahili kuzingatiwa. Katika tafsiri ya kwanza, kauli ya kutendwa inamfanya mbunifu kuwa mtenda, gauni kuwa kiima, na mwigizaji kutoweka kabisa katika sentensi. Katika tafsiri ya pili, mwigizaji anabaki kuwa mtenda wa kuvaa. Kwa mwigizaji kijana tofauti hii ni ndogo, kwani maswali mengine yatamrudisha katika mazungumzo. Kwa mwigizaji aliyefika pale baada ya kazi ya miaka 40, kutoweka huko kunafuta hasa kile ambacho miaka imemletea: kazi yenyewe. Kampeni iliyoanzishwa Marekani mwaka 2014 na kuungwa mkono na Reese Witherspoon mwaka 2015 iliwataka wanahabari wawaulize wanawake maswali zaidi ya nguo. Katika Kiswahili, sehemu ya lengo hilo inaweza kufikiwa kwa uchaguzi wa kauli ya kitenzi peke yake.

7.0 Ukaidi wa "bila"

Baadhi ya waigizaji wamejibu uchunguzi huu kwa kubadilisha wanachoonyesha. Frances McDormand, mshindi wa Oscar tatu za mwigizaji bora wa kike, amepinga hadharani upasuaji wa urembo na mara kadhaa amehudhuria sherehe akiwa na uso usiorembwa. Pamela Anderson, akiwa na umri wa miaka 56, alihudhuria maonyesho ya mitindo ya Paris mwaka 2023 kwa namna hiyo, na mwezi Januari 2025 alikwenda vivyo hivyo katika tuzo za Golden Globe, alikoteuliwa kwa filamu ya The Last Showgirl, inayomhusu mnenguaji wa Las Vegas anayepoteza kazi katika umri mkubwa.

Sarufi, hata hivyo, haikuachia haraka. Habari ya namna hii huandikwa kwa ruwaza ya "atinga bila vipodozi". Kihusishi bila kinadhani kuwepo kwa kile kinachokanushwa. Mtu hasemwi kuwa amekuja bila kitu ambacho hakikutarajiwa. Hakuna anayeandika kwamba George Clooney ametinga bila wanja. Hivyo, hata kitendo cha kukataa kipimo kinaelezwa kwa kipimo hichohicho, na uso mtupu unakuwa vazi jipya la kujadiliwa. Tendo la Anderson halipungui thamani kwa sababu hiyo; linaonyesha tu kwamba mwili peke yake hauwezi kubadili usemi ikiwa vipashio vya usemi vinabaki vilevile.

Sanaa ya filamu imelitambua jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1950, Gloria Swanson aliigiza katika Sunset Boulevard kama nyota wa filamu bubu aliyesahauliwa, mwanamke wa miaka 50. Mwaka 2024, katika The Substance ya mwongozaji Mfaransa Coralie Fargeat, Demi Moore aliigiza kama nyota anayefukuzwa katika kipindi chake cha televisheni anapofikisha miaka 50 na kuamua kutumia dawa inayozalisha nafsi yake changa. Katika tukio moja mhusika huyo anajiandaa kwenda kuonana na mwanamume, anarudi kwenye kioo mara kwa mara kujirekebisha, kisha anaufuta uso wake kwa hasira na kubaki nyumbani. Tukio hilo halina maneno mengi. Mhusika hahitaji kuambiwa chochote. Bado na tena zimekwisha kuhamia ndani ya kioo chake.

Moore alishinda Golden Globe mwezi Januari 2025 akiwa na umri wa miaka 62, na katika hotuba yake alieleza jinsi kauli ya mtayarishaji mmoja, iliyotolewa miaka 30 nyuma, ilivyomfanya aamini kwamba hakustahili kutambuliwa kwa kazi nzito. Mwezi Machi mwaka huohuo, Oscar ya mwigizaji bora wa kike ilikwenda kwa Mikey Madison, mwenye umri wa miaka 25. Wapo walioona kuwa filamu ilithibitishwa na matokeo hayo. Usomaji huo una mvuto, lakini unamgeuza Madison kuwa "nafsi changa" ya Moore na kuifuta kazi yake katika filamu ya Anora. Hata huruma, isipoangaliwa, huwapanga wanawake wawili katika mstari uleule wa wakati.

8.0 Jaribio kwa mwandishi na mfasiri

Kutokana na ufafanuzi huu, linapendekezwa jaribio la ubadilishaji lenye hatua tatu. Kwanza, jina la mwigizaji wa kike liondolewe na kuwekwa la mwanamume wa umri na hadhi sawa. Sentensi ikichekesha, kuna dhanio-awali lililofichwa. Pili, bado, licha ya, tena au bila iondolewe, na mwandishi ajiulize ni taarifa gani iliyopotea. Mara nyingi hakuna taarifa iliyopotea. Kilichopotea ni hukumu tu. Tatu, kitenzi kipimwe iwapo kingefaa zaidi kwa kanga kuliko kwa mtu.

Jaribio hili halimkatazi mwandishi kutaja umri. Umri wa Yeoh ni taarifa halali, na yeye mwenyewe aliugusia kwa fahari. Halimkatazi pia kuhakiki vazi, kwani ubunifu wa mavazi ni sanaa inayostahili uhakiki. Linachomtaka ni kwamba hukumu anayoikusudia aitamke waziwazi ili iweze kujibiwa. Anayeamini kwamba mwanamke wa miaka 60 hapaswi kuvaa gauni la mgongo wazi na aandike hivyo. Msomaji atapata hoja ya kupinga au kukubali. Akiandika kwamba fulani "bado anaweza kuvaa" gauni hilo, hoja imepita bila kukaguliwa.

9.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba usemi wa Kiswahili kuhusu umri wa waigizaji wa kike kwenye zulia jekundu hutegemea vipashio ambavyo wasomaji na waandishi wengi huvipita bila kuviona. Bado, tena na -ja- huuweka urembo kwenye mstari wenye mwisho. Licha ya huufanya umri kizuizi. Bila huulinda mpaka wa kawaida hata unapovukwa. Vitenzi vya nguo humfanya mvaaji na vazi kuwa vitu vya aina moja, na majina ya wazee humpa mwanamume mvi na mwanamke udhaifu. Wakati huohuo, Kiswahili kina mkongwe, kina Bi, na kina mtu aliyekula chumvi nyingi. Mwandishi anayeripoti habari za wanawake hawa hahitaji kubuni lugha mpya. Anahitaji kujua kwamba "Bado ni mrembo" na "Si mrembo tena" ni kauli mbili za hoja moja, na kwamba sentensi ya (1), iliyotaja jina, umri na ushindi bila kuviwekea kinyume, ilikuwa imekwisha kukamilika.